Watoto wa Maandalizi na Miezi ya Korona Pemba

Sisi Pemba hatukufungiwa ndani. Hilo nalitanguliza, maana kila nikisema kwamba korona iliwakalisha kitako watoto wadogo hata huku kwetu, watu wa hapahapa huniuliza: walikalishwa na nani? Uganda skuli zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa wote Januari 2022. Kenya watoto wengi walirudi Januari 2021. Kwetu soko la Wete liliendelea, wavuvi walikwenda baharini, mwenye shamba alikwenda shamba, na hakuna askari aliyesimama njia panda kumrudisha mtu kwake. Mtoto wa miaka minne alikuwa na nafasi yote ya kukimbia anavyotaka. Na bado wapo waliokaa.

Mimi nasomesha maandalizi, yaani skuli ya wadogo kabla ya darasa la kwanza, si mbali na Wete mjini. Kazi hii niliianza kabla ya sera ya elimu ya mwaka 2006, ile iliyoyatia maandalizi katika elimu ya lazima, kwa hiyo macho yangu yameshazoea kumtazama mtoto miguuni kwanza, usoni baadaye. Ninayoyaeleza ni niliyoyaona mtaani kwangu, nyumbani kwangu na darasani kwangu, pamoja na machache niliyoyasikia baadaye kwenye semina za walimu.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Haukupita muda skuli zetu zikafungwa, chuo cha Kurani cha mtaani nacho kikasimama. Kabla watu hawajajua washike lipi, masika ikawa imeshakolea, na mwishoni mwa Aprili ikaingia Ramadhani. Ndoo za bomba zikawekwa milangoni, barakoa za vitenge zikashonwa, wazee wakaanza kujifukiza majani. Hayo kila mtu anayakumbuka. Lisilokumbukwa sana ni kwamba skuli na chuo vilifungwa kwa pamoja, na kwa mtoto mdogo wa kwetu jambo hilo lilikuwa zito kuliko tulivyodhani.

Kabla ya hapo hakuna mzazi mtaani kwetu aliyewahi kukaa akapanga mwanawe acheze saa ngapi. Mchezo ulikuwa umo humohumo katika mizunguko ya siku. Asubuhi skuli, kwa miguu. Adhuhuri kurudi, tena kwa njia ndefu kuliko ile ya kwendea, kwa sababu kuna embe za kuokota au kuna paka amezaa nyumba fulani. Wakishakula, chuoni. Ikishasaliwa alasiri, nage na kukimbizana mpaka adhana ya magharibi. Na katikati ya yote hayo, kutumwa: boflo, chumvi, "nenda kwa bibi kaniletee ungo wangu." Mtoto wa miaka minne hatumwi peke yake, lakini humfuata anayetumwa, na akifuata hukimbia, kwani mguu wake mfupi na mwenzake hamsubiri. Mimi nimesoma vitabu vya malezi, nimekaa kwenye mafunzo, lakini sikuwahi kulitazama hili vizuri mpaka lilipokosekana. Mtoto mdogo hatoki nje kwa sababu nje kuna nafasi. Hutoka kwa sababu kuna mkubwa wa miaka minane, tisa au kumi anayetoka.

Skuli na chuo vilipofungwa, wale wakubwa hawakuwa na safari tena. Vijana wa kiume wa miaka kumi na tatu na kwendelea walipotelea pwani na kwenye mpira, na huko hawamchukui mtoto wa kuwalilia. Wasichana wengi walibaki ndani. Wazazi waliogopa, na hofu ya mzazi humwangukia yule anayesikia, si yule anayestahiki kuogopewa. Mwenye miaka kumi na tano akiambiwa kaa ndani anatoka kwa mlango wa uwani. Mwenye miaka tisa anakaa. Akakaa, akapewa simu ya mama ili asisumbue, na mdogo wake akaja kukaa pembeni yake, wote wawili shingo zimeinama. Nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wanafunzi wangu, kwa mbali, nasimama upenuni, na hiyo ndiyo hali niliyoikuta nyumba nyingi za barabarani zenye umeme. Nyumba za shamba zilikuwa na yake, nitaeleza.

Sasa nije kwa mtoto wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi hoteli huko Nungwi. Ndege za watalii ziliposimama mwezi huo wa Machi, hoteli ikawapa wafanyakazi likizo isiyo na malipo wala tarehe ya kurudi. Anakaa Michenzani, Unguja, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, juu huko, ghorofa ambayo ukifika na kikapu cha soko unapumzika kwanza kabla hujabisha hodi. Mwanawe wa kiume alikuwa anakaribia miaka mitano. Kabla ya korona alikuwa akishuka kila siku kwenda skuli na binti wa jirani. Skuli zilipofungwa, binti yule akapelekwa kwao Makunduchi, na mtoto wetu hakuwa na wa kushuka naye. Mama yake hakumkataza kushuka. Alikuwa akipika visheti na sambusa za kuuza, hana muda wa kushuka ngazi na kukaa chini akamtazama mtoto anavyocheza kati ya magari. Basi mtoto akabaki juu, na katuni.

Baada ya Idd alimleta Pemba. Mtoto mnene kidogo, mzuri, ana maneno mengi, hesabu anajua mpaka hamsini. Kitu cha kwanza nilichokiona ni namna alivyoshuka kizingiti cha mlango wetu wa uwani. Si kirefu, hakifiki gotini kwa mtu mzima. Aligeuka akatupa mgongo, akashika mwimo kwa mikono miwili, akateremsha mguu mmoja ukipapasa chini, kisha wa pili ukaja kusimama palepale ulipo wa kwanza. Ndivyo anavyoshuka mtoto wa miaka miwili. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro wa maji ya mvua ambao wanangu waliuruka tangu hawajui kusema vizuri. Yeye alifika ukingoni akasimama. "Mamkubwa, nibebe." Pekupeku hakanyagi, kifusi kinamchoma. Usiku wa manane yu macho, asubuhi haamki.

Nilianza na ujuzi wangu wa ualimu. Tukatupa mipira ya matambara ndooni, tukatembea juu ya kamba iliyolazwa chini, tukaruka kama chura. Alifanya, kwa adabu, kama anayefanya kazi ya skuli, akimaliza anauliza simu iko wapi. Ilikuwa haina ladha kwake, na kwa kweli hata kwangu mimi niliyevaa baibui naruka uwani peke yangu haikuwa na ladha.

Aliyembadilisha ni binti wa kaka yangu, miaka kumi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye hakuwa na nia ya kumfundisha mtu. Alikuwa ametumwa mafuta ya kula dukani, mimi nikamwambia mchukue na huyu. Alinyanyua midomo, akamchukua. Kwenye mtaro akaruka, akageuka, akamkuta mwenzake amesimama ng'ambo. Nilikuwa barazani naona. Hakumbembeleza, hakumbeba. Alirudi, akachora mstari mchangani kwa kidole gumba cha mguu. "Ruka huu. Huu hauna maji." Akaruka. Akachora wa pili mbele kidogo. "Haya, na huu, usikanyage katikati." Akaruka, kisigino kikagusa. "Umekufa. Rudia." Akarudia. Akachora tena, mbali zaidi, na tena. Halafu akasema, "Mtaro ni kama huu wa mwisho," akachukua chupa yake ya mafuta akaenda zake. Mtoto akatazama mgongo wake unaondoka. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja mbio, akaruka, akaangukia magoti upande wa pili, akainuka bila kulia kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama usoni, akakimbia kumfuata.

Kuanzia hapo akawa mkia wa binti yule. Alikwenda naye kisimani, dukani, kwa bibi, kuangalia kuku kama wametaga. Alasiri akaingizwa kwenye nage. Kwa asiyeijua, wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira, na aliye kati hukwepa asipigwe. Wasichana wetu wana utaratibu mzuri ambao sikuwafundisha mimi: mdogo anaingia kati na mkubwa, anakimbia, anakwepa, akipigwa hatoki, kwa sababu hahesabiwi. Hasara kwa timu haipo, na yeye anajiona mchezaji. Mtoto yule alikuwa akihema mpaka mbavu zinaonekana zinacheza, jasho linamtiririka, na usiku akishakula wali wake hana haja ya simu, analala amekaa.

Sitaki kusema kwamba shamba kote kulikuwa kuzuri. Lakini watoto wa nyumba za shamba, ambako mama, shangazi na watoto wa umri wote walikwenda pamoja kupalilia mpunga na kung'oa muhogo, wengi walirudi skuli na miguu imara kuliko walivyoondoka. Ulipoingia msimu wa karafuu walikuwa chini ya mikarafuu wakiokota zilizodondoka, jioni majamvini wakichambua makonyo. Najua maneno yatakayofuata kuhusu kazi za watoto, na nakubaliana nayo: mtoto hana kazi ya kupanda mkarafuu, na skuli ikifunguliwa mahali pake ni skuli. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akizunguka na nduguze shambani alikuwa anatumia mwili wake, na mwenzake wa nyumba ya barabarani alikuwa anatumia kidole.

Skuli zilipofunguliwa tena katikati ya mwaka, nilifanya ninavyofanya kila mwaka na wanafunzi wapya. Simama kwa mguu mmoja. Ruka kwa mguu huohuo. Panda ngazi za baraza bila kushika ukuta. Zunguka mwembe mbio. Mwaka ule waliowekwa ndani walijulikana bila kuuliza. Walikuwa wanaweka mguu chini kabla sijamaliza kusema "simama". Mmoja, mtoto mchangamfu kabisa kabla ya korona, alizunguka mwembe nusu akaketi. Mkono nao ulikuwa na habari yake: ambaye kwa miezi hakupanda kitu, hakuning'inia tawini, hakufinyanga udongo, chaki ilimteleza mkononi. Wazazi walikuwa wakinilalamikia kwamba mtoto amesahau herufi. Mimi herufi hazikunitia wasiwasi.

Baadaye, kwenye semina, tulisomewa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Mwenye miaka 3 au 4 anatakiwa ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na katika hizo, dakika 60 ziwe za kumfanya aheme. Akiwa amekaa mbele ya skrini, isizidi saa 1, na ikipungua ni bora. Alale saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Darasa zima la walimu wa Pemba lilicheka. Saa tatu! Nani ana saa tatu za kuchezesha mtoto? Kisha mwenzetu mmoja wa Konde akatuambia tuhesabu siku ya mtoto wa kwetu kabla ya korona: skuli kwenda na kurudi, chuoni kwenda na kurudi, dukani, kwa bibi, alasiri mpaka magharibi. Ilizidi. Tulikuwa na kitu hicho bila kukijua jina, na hatukukilipia hata senti.

Tukaelezwa pia utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watoto 948 wa miaka 3 hadi 5 katika nchi 14, wakilinganishwa kabla ya korona na wakati wa korona. Kwa jumla walijishughulisha kidogo zaidi, walitazama skrini zaidi, na hata kulala walilala zaidi. Waliopata kutoka nje ndio waliokuwa karibu zaidi na zile dakika. Hakuna la kushangaza humo, lakini lilinifariji kujua kwamba mtoto wa Michenzani hakuwa mvivu wala mama yake hakuwa mzembe. Ilikuwa ni hali ya dunia nzima, na kila mahali ikachukua sura ya mahali pale.

Nikiulizwa kuhusu masomo ya mbali huwa na langu la kusema. Zanzibar tulijua kusomesha wadogo kwa redio miaka mingi kabla ya korona, kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze, ambavyo wengi wanaviita kwa kifupi Tutu. Redio ikiimba "simameni," watoto husimama. Ikisema rukeni, huruka. Haina cha kutazama, ndiyo maana mtoto huinuka. Miezi ile nilichukua mtindo huo nikawa nasimama upenuni mwa nyumba, naimba, watoto wa nyumba hiyo wako uwani wanafanya. Ukuti ukuti huhitaji kushikana mikono, tukaufanya bila kushikana, kila mmoja mnazi wake peke yake. Haukunoga vilevile. Lakini walizunguka, na kina mama waliokuwa wakikuna nazi walizunguka nao kwa mabega.

Kwa maoni yangu madhara makubwa zaidi hayakuja skuli zilipofungwa. Yalikuja zilipofunguliwa. Kila mtu alishikwa na haraka ya kufidia. Wakubwa wakaongezewa masomo, twisheni ikajaa jioni, hata wa darasa la pili wana twisheni. Skuli moja ninayoijua iliondoa mapumziko ya nje kwa wadogo ili wasisongamane, na msongamano ulipoacha kuogopwa mapumziko hayakurudi, kwa sababu walimu walikuwa wameshaona darasa linakuwa kimya zaidi. Na simu aliyopewa mtoto kwa dharura haikurudishwa. Yule mkubwa wa miaka tisa, kumi, ambaye ndiye mlango wa mdogo kutokea nje, sasa ana twisheni na simu. Mdogo atamfuata nani?

Wasichana ndio waliobanwa zaidi. Mama aliyezoea kuwa na binti ndani miezi yote ile, anayemwoshea vyombo na kumshikia mtoto mchanga, hakuona sababu ya kumwachia tena alasiri. Nage ya mtaani kwetu ilikufa, ikabaki ya wavulana na mpira wao, na huko wadogo hawana nafasi. Tukakaa kina mama barazani tukilisema hilo. Mmoja aliuliza, na alikuwa na haki kuuliza, vyombo vya mchana vioshwe na nani. Tulikubaliana vioshwe kabla ya alasiri, na wasichana waachiwe mpaka magharibi, kwa sharti kila mmoja atoke na mdogo wa nyumbani kwake, au wa jirani kama kwake hana. Sisi tunakaa na ukili wetu tunasuka, jicho moja kwenye mchezo. Ukili unakwenda polepole, lakini unakwenda. Siku za mwanzo wasichana walikuwa wazito, wamesahau hata kurusha, na wadogo walikuwa wanalia kwa kupigwa na mpira. Haikuchukua muda.

Watalii waliporudi, mdogo wangu aliitwa tena kazini, akamchukua mwanawe. Nilimwambia asimnunulie baiskeli, asimtafutie kilabu cha mazoezi, amtafutie mtoto mkubwa kidogo. Kwenye jumba lao, ghorofa ya chini yake, kuna kijana wa miaka kumi na moja anayeshuka kila siku kucheza mpira wa chandimu kwenye nafasi iliyobaki baina ya majengo. Mdogo wangu alikwenda kwa mama yake na sahani ya visheti. Alinisimulia kwa simu usiku.

"Nimemwambia, dada, niazime mwanao baada ya alasiri, akishuka amshike na wangu mkono."

"Akasemaje?"

"Kasema hana neno, atamchukua. Ila Jumatatu na Jumatano hashuki, kuna twisheni."